Patreon na Msanii Asiye na Kazi Nyingine

Wanaoipima Patreon, huduma ya mtandaoni ambayo mashabiki huitumia kumlipa msanii moja kwa moja, kwa kawaida huanza na kuishia kwenye swali moja: baada ya makato yote, msanii anabaki na kiasi gani? Ni swali la haki na nitalifikia, lakini silo lililonifanya niandike tathmini hii. Mimi ni mchoraji nisiye na ajira nyingine, na ninaamini wenzangu wengi watakubali kwamba kinachochosha zaidi ya upungufu wa fedha ni kuhesabiwa miongoni mwa watu wanaojishughulisha na jambo fulani huku wakingoja kupata kazi. Kwa hiyo nimeichunguza huduma hii kwa kuuliza kama inamfanya msanii achukuliwe kuwa mfanyakazi kamili, mbele ya benki, mbele ya mwenye nyumba, mbele ya mamlaka ya kodi, mbele ya jamaa zake na mbele ya nafsi yake. Maoni yangu ni kwamba inamsaidia sana mbele ya wasiomjua, inamsaidia kidogo mbele ya wanaomjua, na inamtoza gharama moja kubwa ambayo haimo katika orodha ya ada zake.

Patreon ilianzishwa mwaka 2013 nchini Marekani na Jack Conte, mwanamuziki, pamoja na Sam Yam, mtaalamu wa programu aliyewahi kuishi naye chumba kimoja walipokuwa chuoni. Conte alikuwa ametumia fedha nyingi na miezi kadhaa kutengeneza video moja ya muziki, naye alijua kutokana na uzoefu kwamba hata ikitazamwa na umati, mapato ya matangazo hayatakaribia gharama aliyoingia. Wazo lililozaliwa hapo ni jepesi kulieleza. Badala ya msanii kulipwa na mtangaza biashara kwa kadiri ya idadi ya watazamaji, analipwa moja kwa moja na wale wachache wanaoithamini kazi yake kiasi cha kutaka iendelee. Mfadhili hujiunga kuwa mwanachama, huchagua daraja la mchango, na kadi yake hukatwa kila mwezi hadi atakapojitoa. Msanii ndiye anayepanga madaraja hayo na kuamua kila daraja litapewa nini: michoro ya awali, maelezo ya namna kazi ilivyofanyika, nakala zilizochapishwa, au haki tu ya kuona kazi kabla ya wengine.

Msanii anayejitegemea mara nyingi si kwamba hapati. Anapata kwa vishindo. Anauza picha kubwa mwezi mmoja, kisha miezi inapita bila mteja, kisha oda zinamwangukia kwa pamoja, na mwisho wa mwaka jumla yake huenda ikalingana na ya mwajiriwa wa kawaida. Lakini fomu za mikopo, za kupanga nyumba na za bima haziulizi jumla ya mwaka uliokwenda kwa kurukaruka. Zina nafasi ya jina la mwajiri na nafasi ya kipato cha mwezi, na msanii huziacha wazi au huandika pembeni maelezo marefu ambayo hakuna anayeyasoma. Nimewahi kupeleka katalogi za maonyesho na barua za wateja katika ofisi moja ya mikopo; afisa alizipekua kwa adabu, akasifu rangi, kisha akaniuliza nitaleta lini hati za mshahara.

Ripoti ya mapato ya Patreon ndiyo karatasi ambayo afisa wa namna hiyo anajua kuisoma. Inaonyesha mwezi baada ya mwezi kilichoingia, kilichokatwa na kilichopelekwa benki, na inaweza kupakuliwa kama jedwali. Haisemi chochote kuhusu ubora wa kazi, na hapo ndipo penye nguvu yake, kwa sababu anayeisoma hahitaji kupenda uchoraji wala kuuelewa. Anaona watu wengi wasiohusiana wakilipa kila mwezi, na anaona kwamba mmoja akijitoa mapato hayaanguki. Tukitazama kwa haki, huo ni uthabiti kuliko wa mtu anayetegemea mwajiri mmoja, ingawa bado sijakutana na benki iliyofikia hitimisho hilo yenyewe bila kusukumwa.

Kuna jambo dogo la kiofisi ambalo naliona la maana kuliko linavyoonekana. Kabla ya kupokea fedha, msanii hutakiwa kujaza fomu ya kodi ya Marekani: W-9 kwa mlipa kodi wa huko, W-8BEN kwa mtu binafsi aliye nje. Wengi huilalamikia kama usumbufu. Mimi niliijaza kwa furaha ya ajabu kidogo, maana katika fomu ile hakuna mahali panapouliza kama ninafanya hivi kwa kupenda au nitaanza lini kazi ya maana. Inauliza wewe ni nani, unaishi wapi na namba yako ya kodi ni ipi. Mamlaka za kodi, kwa kweli, zilikuwa tayari kuniona kuwa mtu wa biashara muda mrefu kabla ya shangazi zangu. Msanii asiyetunza kumbukumbu za mapato na matumizi yake anajinyima kitambulisho hicho, na Patreon humlazimisha azitunze hata kama kwa tabia yake hangependa.

Kwa wanaomjua msanii, mambo ni magumu zaidi. Ndugu na marafiki hawadai ripoti ya mapato. Wanachokiona ni mtu aliye nyumbani asubuhi, ambaye kwa hiyo anaweza kumpokea fundi, kumsindikiza mgonjwa, kukaa na watoto, au kuchora kadi ya harusi bila malipo kwa kuwa kwake ni kazi ya dakika chache. Hawafanyi hivyo kwa dharau. Kwao kazi ni mahali mtu anakokwenda na mtu anayemtuma, na mchoraji hana hata kimoja kati ya hivyo viwili. Nilitarajia kwamba nikiwatajia idadi ya wanachama wanaonilipa mtazamo huo ungebadilika, lakini idadi haikumgusa mtu. Kilichosaidia kidogo ni ahadi. Ukimwambia jamaa kwamba leo huwezi kutoka kwa sababu unataka kumaliza picha, atakuomba uimalizie kesho. Ukimwambia kwamba kuna wanachama waliokwisha kulipa na wanaisubiri kazi hiyo ijumaa, atapunguza sauti na kuuliza kama anaweza kupita jumatatu. Watu huheshimu muda unaodaiwa na mtu mwingine kuliko muda wa mwenyewe. Sioni fahari katika hilo, lakini nalitumia.

Neno ufadhili lina historia ndefu katika sanaa, na mfano mmoja unafaa kukumbukwa na kila anayefungua ukurasa wa aina hii. Mwaka 1808 Beethoven, mtunzi wa muziki, alipata mwaliko wa kwenda kufanya kazi katika ikulu ya Jérôme Bonaparte, mfalme wa Westphalia. Ili asiondoke Vienna, mwaka 1809 wakuu watatu, yaani Rudolph, Kinsky na Lobkowitz, walimwahidi florini 4,000 kwa mwaka, maisha yake yote, kwa sharti kwamba abaki. Hakutakiwa kutunga kwa amri wala kuvaa sare ya mtumishi. Alitakiwa aendelee kuwa mtunzi tu. Kwa mtu wa fani yake wakati ule, hiyo ilikuwa heshima isiyo ya kawaida. Miaka miwili baadaye thamani ya fedha ya Austria iliporomoka, mwaka 1812 Kinsky alianguka kutoka mgongoni mwa farasi akafa, na Lobkowitz akaishiwa kwa madeni. Mtunzi aliyekuwa na wafadhili watatu alijikuta akifuatilia haki yake kwa warithi na mahakama. Patreon haikuondoa udhaifu wa ufadhili, ila imeugawanya: mahali pa wakuu watatu pana watu mia moja au mia tatu, na hakuna farasi mmoja anayeweza kuwaangusha wote. Kinachoweza kuwaangusha wote ni huduma yenyewe.

Hapa ndipo swali la heshima linapogeuka, kwa maana ni lazima pia tuulize kama Patreon inamchukulia msanii kwa uzito ule ule inaoutangaza. Rekodi yake si mbaya, lakini ina alama. Desemba 2017 ilitangaza utaratibu mpya ambao kila mchango ungeongezewa asilimia 2.9 na senti 35 za Marekani, zikilipwa na mfadhili. Hesabu yake iliwaumiza wadogo kuliko wakubwa: aliyekuwa akitoa dola 1 angelipa takriban dola 1.38, na aliyegawa dola 10 kwa wasanii kumi angetozwa zile senti 35 mara kumi. Wafadhili wengi wa viwango vya chini walijitoa hata kabla utaratibu haujaanza, na wasanii walioishi kwa wingi wa michango midogo waliona mapato yakipungua ndani ya siku chache. Baada ya takriban wiki moja Patreon iliomba radhi na kuufuta mpango. Kuomba radhi kulistahili. Lakini tukio lile lilionyesha kwamba kanuni ya kipato cha msanii inaweza kubadilishwa na watu wasiomjua katika kikao ambacho hakualikwa.

Tangu hapo mabadiliko yamekuwa ya uangalifu zaidi, ingawa mwelekeo wake ni wa kupanda. Awali Patreon ilichukua asilimia 5. Mwaka 2019 iligawa huduma katika ngazi za asilimia 5, 8 na 12, huku waliokuwamo tangu mwanzo wakiachiwa masharti yao ya zamani, na kuanzia Agosti 2025 msanii mpya hutozwa asilimia 10. Juu ya hayo kuna gharama ya kuchakata kadi, ya kubadilisha fedha na ya kuzitoa. Kwa msanii wa picha aliyezoea nyumba za maonyesho zinazochukua nusu ya bei ya mauzo, asilimia 10 haitishi, na sitajifanya kushangazwa nayo. Ninachokishauri ni kwamba madaraja ya chini kabisa yasiwe tegemeo, kwa sababu makato yasiyobadilika kwa kila muamala hula sehemu kubwa ya mchango mdogo, na mfadhili hana habari kwamba nia yake njema imepungua njiani.

Mkono mwingine unaomega kipato cha msanii uko nje ya Patreon. Mwaka 2024 kampuni hiyo iliwatangazia wasanii kwamba Apple inataka uanachama unaonunuliwa ndani ya programu ya simu zake upitie katika mfumo wake wa malipo, ambao humega asilimia 30, na kuanzia Novemba mwaka huo utaratibu huo ukaanza kwa wanachama wapya. Msanii aliachiwa achague kati ya kupandisha bei ndani ya programu ili mfadhili abebe mzigo, au kuubeba mwenyewe. Baada ya uamuzi wa mahakama ya Marekani wa mwaka 2025, watumiaji wa nchi hiyo waliruhusiwa kulipia kupitia tovuti, lakini hilo halikuwafikia wote duniani. Kwa vitendo dawa ni rahisi: mwelekeze kila mfadhili ajiunge kupitia tovuti, si kupitia programu ya simu, na uliandike hilo mahali panapoonekana.

Athari iliyonigusa zaidi katika sakata hilo si asilimia 30. Tangu siku za mwanzo Patreon iliruhusu njia mbili za kulipwa, ya kila mwezi na ya kila kazi. Katika njia ya pili mfadhili aliahidi kiasi fulani kwa kila kazi inayokamilika, na kama mwezi huu hakuna kilichokamilika, hakuna aliyekatwa. Amanda Palmer, mwanamuziki wa Marekani aliyejiunga mwaka 2015, ni miongoni mwa waliojulikana sana kwa kuitumia. Ilikuwa njia ya kiungwana kuliko zote nilizoziona, kwa sababu ilitambua kwamba kipimo cha kazi ya sanaa ni kazi yenyewe, si kalenda. Mfumo wa malipo wa Apple hauna nafasi kwa mpango huo, na Patreon ikatangaza kwamba hatimaye wote watahamia kwenye uanachama wa kawaida. Tarehe ya mwisho imewahi kusogezwa, lakini safari inaelekea huko huko.

Kutoweka kwa njia hiyo kunaifichua ile gharama isiyoandikwa niliyoitaja mwanzoni. Malipo ya kila mwezi huzaa wajibu wa kuonekana kila mwezi. Hakuna sheria inayosema hivyo. Patreon haimfukuzi msanii aliyekaa kimya. Lakini mfadhili anayekatwa fedha bila kuona kitu huanza kujiuliza, na msanii anayejua kwamba anajiuliza huanza kuchora vitu vinavyoonyeshwa upesi. Picha ya mafuta inayohitaji tabaka nyingi na muda wa kukauka haiendani na wajibu huo. Badala yake huja michoro midogo, video za mkono ukichanganya rangi, barua kwa wanachama, majibu kwa maoni, kura ya kuchagua mada ya mwezi ujao. Kila kimoja ni kazi halali, na baadhi yake nimekipenda. Lakini vyote kwa pamoja vinaweza kuijaza wiki nzima, na mchoraji akajikuta ni mwajiriwa kamili wa ukurasa wake huku turubai ikiwa imegeuzwa ukutani. Huyu sasa ana hati za kipato anazoweza kuzipeleka popote, ana ratiba inayoheshimiwa na jamaa, na hachori.

Najua watakaosema kwamba tatizo hilo ni la nidhamu ya msanii, si la huduma. Kwa sehemu ni kweli. Mtu anaweza kuahidi kidogo tangu mwanzo, na hilo ndilo ninalomshauri kila anayeanza: ahadi moja kwa mwezi, isiyohitaji posta, inayotokana na kazi ambayo ungeifanya hata kama hakuna mwanachama hata mmoja. Wanaoahidi nakala zilizotiwa saini na kutumwa kwa kila mfadhili hugeuka makarani wa kufunga vifurushi, na gharama za usafirishaji huwafuata kama deni. Hata hivyo muundo wa huduma hausaidii. Madaraja yamejengwa kwa namna inayomshawishi msanii aongeze zawadi kila anapotaka kuongeza kipato, ilhali wafadhili wanaodumu, kwa kadiri nilivyoona, ni wale wa daraja la chini lisilo na zawadi, ambao walitaka tu niendelee.

Kuhusu mambo ya kila siku nitasema kwa ufupi. Ukurasa ni rahisi kuupanga na hauhitaji mtaalamu. Kadi za wafadhili hushindwa kukatwa mara kwa mara, kwa hiyo kiasi kinachoonekana kabla ya tarehe ya malipo kisihesabiwe kuwa mkononi. Njia za kutoa fedha hazilingani duniani kote. Msanii ahakikishe kwamba kuna njia inayofanya kazi anakoishi kabla ya kumwalika mfadhili wa kwanza. Orodha ya wanachama na anwani zao za barua pepe inaweza kupakuliwa, nami naiona kuwa sifa kubwa kuliko nyingine zote za kiufundi, kwa kuwa siku huduma ikifunga milango au ikabadili masharti, msanii bado anajua walikokuwa watu wake. Anayepuuza kuipakua amewakabidhi wateja wake kwa mwingine. Anwani hizo zitunzwe kwa uangalifu lakini, maana mwaka 2015 Patreon yenyewe ilidukuliwa na taarifa za watumiaji wake zikamwagwa hadharani.

Kuna pia idadi. Ukurasa unaweza kuonyesha msanii ana wanachama wangapi na anapata kiasi gani, na unaweza kuyaficha yote mawili. Nayaficha, na napendekeza yafichwe. Idadi ikiwa ndogo, mgeni huihesabu kuwa uthibitisho kwamba hii si kazi ya kweli. Ikiwa kubwa, huanza kuulizwa kwa nini bado unaomba. Philip Glass, mtunzi wa muziki wa Marekani, aliendesha teksi na kufunga mabomba huku akitunga, na aliendelea na kazi hizo hata baada ya opera yake kuonyeshwa mwaka 1976 katika jumba la Metropolitan jijini New York. Namtaja kwa sababu watu wa fani yetu tumeanza kuwapima wenzetu kwa kuwa na kazi nyingine au kutokuwa nayo, na ukurasa wenye takwimu hadharani unauchochea ugonjwa huo.

Huduma nyingine zinastahili kutajwa kwa kulinganisha. Kickstarter, iliyoanza mwaka 2009, ni nzuri kwa kitabu kimoja au onyesho moja, lakini lengo lisipofikiwa msanii hapati kitu, na lengo likifikiwa amepata bajeti ya mradi, si mapato ya kuishi. Ko-fi haichukui asilimia yake katika michango ya kawaida na kwa hesabu tupu inaishinda Patreon. Kinachonizuia ni lugha yake: inamwalika mtazamaji amnunulie msanii kahawa. Bakshishi hupewa mtu kwa hisani, na mtu aliyekwisha kuchoka kuitwa mwenye kipaji anayesaidiwa na wenye huruma hahitaji ukurasa unaosema hivyo hivyo kwa michoro mizuri zaidi. Ko-fi inao pia uanachama wa kila mwezi, na anayeutumia huo peke yake atafika karibu na Patreon kwa gharama ndogo.

Nampendekezea Patreon msanii ambaye tayari ana watu wanaoifuata kazi yake na anayehitaji kumbukumbu ya mapato inayosomeka na wageni. Simpendekezei anayetarajia kwamba ukurasa utamletea watu hao, kwa maana huduma hii ni dhaifu katika kuwatambulisha wasanii wapya kwa wasiowajua. Na kwa yeyote atakayejiunga, asisahau kwamba upo uwezo wa kusimamisha makato ya mwezi, ili wanachama wasitozwe wakati msanii anaumwa, anasafiri au amezama katika kazi kubwa. Naona wengi hawaugusi kwa hofu ya kuwakumbusha wafadhili kwamba wanaweza kujitoa. Mimi huutumia kila ninapoanza picha kubwa, nikiwaandikia wanachama mapema kwamba mwezi ule hawatakatwa wala hawataona kitu, na hadi sasa wanaojitoa baada ya barua hiyo ni wachache kuliko wanaojitoa baada ya mwezi wa michoro midogo ya haraka.